Gari la Kupanda Mawe

Gari lilipanda jiwe la tatu, likasita, likainua gurudumu moja polepole, likalishusha upande wa pili. Kisha likapita lote.

Colette hakushangilia. Aliondoa kidole kwenye kitufe na gari likasimama palepale juu ya jiwe, magurudumu yote manne yameshika, hakuna hata moja lililoning'inia hewani. Hilo ndilo alilolitaka. Gari la kukimbia kila mtoto wa mtaa wa Kikula, mjini Likasi, hulitengeneza kwa waya na vifuniko vya chupa. Yeye alitaka gari lisilo na haraka, gari ambalo ukiliwekea chungu ya mawe halitafuti njia ya kuzunguka.

Alilijenga kwa vitu vilivyotupwa. Fremu ilikuwa chuma cha kitanda, imekatwa katikati na kuungwa tena kwa bawaba ya mlango iliyolazwa kwa urefu, ili sehemu ya mbele iweze kujipinda bila kuisumbua ya nyuma. Mota zilikuwa mbili, za kufutia vioo vya lori, moja ya kushoto na moja ya kulia. Mota za aina hiyo huzunguka taratibu, lakini ukiziwekea kidole zinakivunja. Matairi aliyachonga kwa kisu kutoka mpira wa lori. Betri ilikuwa ya taa ya kichwani ya mchimbaji, nzito, yenye harufu ya asidi. Kazi ya redio ndiyo iliyokula msimu mzima wa mvua: sanduku la kupokea juu ya gari, na sanduku la kutuma mkononi, lenye antena ya njiti ya baiskeli na vitufe viwili vya kengele ya mlango. Ndani ya kila sanduku kulikuwa na kikopo kidogo cha bati kinachoitwa quartz, ambacho huamua sauti itapita katika wimbi gani. Hivyo vikopo viwili alivipata sokoni Kikula, kwa muuza vyuma, ndani ya maredio ya mkononi yaliyopasuka. Hakuuliza yalitoka wapi. Sokoni Kikula hakuna anayeuliza.

"Eh, Colette!" Papa Firmin aliita kutoka ng'ambo ya ua wa matete. "Hii mutoto yako inatembea sawa ministre. Itafika mwaka gani?"

"Papa, hii haiko ya kukimbia. Iko ya kupanda."

"Basi itafika mbali. Mu inchi hii, mwenye kukimbia njo banamupiga risasi."

"Firmin!" Mama Georgette, mkewe, alitokea mlangoni na mwiko mkononi. "Siku moja hii kinywa yako itatuuza sisi wote. Ingia ukule."

Firmin alicheka, akakohoa, akabaki. Alikuwa fundi umeme wa kampuni ya madini mpaka mapafu yake yalipomrudisha nyumbani. Shule ya ufundi ilipomwambia Colette kwamba wasichana wanapelekwa ushonaji, ni Firmin aliyemkalisha nyuma ya nyumba yake na kumfundisha kuunga nyaya kwa bati la kuyeyusha. Juu ya paa lake kulikuwa na waya mrefu wa shaba uliokwenda mpaka kwenye mwavokado, na kwa waya huo alisikiliza Zambia na miji mingine ambayo hakuitaja jina. Mtaa mzima uliujua waya ule. Mtaa mzima ulijua pia kwamba mtoto wake wa kwanza alivuka kwenda Angola zamani, pamoja na wanajeshi walioshindwa, na hakuandika tena. Ulikuwa mwaka wa kwanza baada ya vita vya Kolwezi, vya waasi waliotoka Angola. Mambo kama hayo watu waliyajua kwa kunyamaza.

Saa sita mchana Léon alikuja kula. Alikuwa kaka mkubwa wa Colette, mlinzi kwenye maghala ya kampuni, na siku hiyo alikuja na redio yake ya mkononi kiunoni kwa sababu zamu yake ilikuwa haijaisha.

"Yaya, angalia," Colette alimwambia kaka yake. "Inapanda."

Akafinya kitufe. Gari likashuka kwenye jiwe, na kiunoni kwa Léon redio ikalia: kra. Kra-kra.

Léon aliacha kutabasamu.

"Finya tena."

Kra.

"Ile ingine."

Sauti ilibadilika, ikawa nyembamba zaidi. Léon aliitoa redio kwenye mkanda, akaishika mbele yake, mbali na mwili.

"Njo weye," alisema kwa sauti ndogo, akimnyooshea kidole. "Aba, Colette. Njo weye."

"Minye nini?"

"Hii kelele tunaisikia tangu mvua ilianza. Sisi, na basoda, baaskari ba kambi, vile vile, juu redio yao ni sawa na yetu. Banasema ni code. Banasema kuko muntu mu Kikula anaita batu ba Angola barudi." Alitazama ua, barabara, paa la jirani. "Banaandika kila kra. Kuko soda moja kazi yake ni ile tu, kuandika."

"Nitaenda kubaeleza. Ni kagari tu."

"Utaeleza nani? Weye unafikiri batasema pardon, citoyenne? Batakuuliza hii redio ya nani ulivunja. Kisha bataniuliza minye. Zima hii kintu. Leo. Usiiguse tena hata siku moja."

Colette alimsikiliza, maana Léon hakuwa mtu wa kuogopa kivuli. Alifungua sanduku la kutuma, akatoa quartz, akaifunga katika kitambaa na kuizika ndani ya kopo la chumvi. Gari akalisukuma chini ya kitanda. Alijisikia amefanya jambo la busara, na kwa muda wa kuosha vyombo akatulia.

Vyombo havijakauka, gari la askari, jipu, likasimama mbele ya nyumba ya Firmin.

Hawakuvunja kitu. Hilo ndilo lililowatisha watu zaidi. Luteni alishuka, kijana mwembamba mwenye viatu visivyo na vumbi, akaufuata ule waya wa shaba kwa macho kutoka mwavokado hadi paa, kutoka paa hadi dirishani, kama mtu anayesoma sentensi. Kisha akabisha hodi.

"Citoyen Kilufya?"

Majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku, na kila mtu aliitwa citoyen, raia. Firmin alikuwa Firmin nyumbani tu. Mzee aliitika jina la serikali, akatoka na kandambili mguuni. Askari mmoja alibeba redio ya mbao ya mzee, ya kusikiliza, mwingine akamshika mkono, karibu kwa heshima.

"Hii haitumi, chef," Firmin alisema. "Inapokea tu. Fungua, uangalie."

"Tutaangalia," luteni alisema. Hakuwa mtu wa Katanga; Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kila neno limesimama peke yake. "Tuko na wakati."

Jipu ikaondoka kuelekea kambini. Mama Georgette alibaki barabarani na kandambili moja ya mumewe mkononi, kwa sababu ilimtoka mguuni alipokuwa anapanda.

Kambini mfungwa halishwi na serikali. Anakula kinachotoka kwake, na wanawake wa Likasi wanajua kusoma sahani: ikirudi tupu, mtu wako yupo na anaweza kutafuna. Ikirudi imejaa, anza kuuliza. Ikipokelewa na isirudi, nunua kitambaa cheusi. Kesho yake Mama Georgette alibeba bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mhogo, akasimama langoni mpaka jua likamzunguka. Aliporudi hakwenda kwake. Aliingia kwa Colette, akakaa kwenye kigoda, sahani tupu mapajani.

"Amekula," alisema.

"Mungu asante, mama."

"Ule luteni alikuja yeye mwenyewe kunirudishia sahani. Ananiambia, mama, tangu tulimukamata bwana yako redio zetu zimenyamaza. Nyamaa. Hata kra moja. Ananiambia, kama si yeye, kelele ingeendelea, si kweli?" Aliinua macho. "Siku ya Samedi, Jumamosi, kisha kazi ya salongo, batamupeleka Lubumbashi. Kwa ile nyumba baliziba madirisha na matofali. Colette, weye unayua maredio. Muntu anaweza kusema na redio yenye haina kinywa?"

"Hapana, mama."

"Sasa juu ya nini kelele imenyamaza?"

Colette alitazama kopo la chumvi kwenye rafu.

Kutoka nyumba ile ya Lubumbashi hakuna sahani iliyorudi. Hilo hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Alimngojea Léon mlangoni.

"Tulimufunga sisi," alimwambia kabla hajavua kofia. "Nilizima, bakamukamata, kelele ikafa. Kunyamaza kwangu njo ushahidi yao."

"Sisi hatukuyua."

"Sasa tunayua. Kelele ikirudi wakati papa iko mu cachot ya kambi, bataona si yeye."

"Colette, hapana."

"Yaya, unaniambia niache muzee akufe juu ya kitanda yangu iliyogeuka kagari?"

Léon aliketi. Alizungusha kofia mikononi, upande huu, upande ule. Hatimaye akasema, "Usifanyie hapa nyumbani," na hilo ndilo lililokuwa ruhusa yake.

Asubuhi Colette alirudisha quartz mahali pake, akalaza sanduku la kutuma chini ya mafungu ya sombe katika kikapu, njiti ya baiskeli ikipenya katikati ya majani. Akaenda sokoni kama mwanamke yeyote. Penye samaki wakavu alisimama na kufinya. Penye mafuta ya mawese akafinya. Akabishana na muuza unga kuhusu kipimo chake, wakatukanana vizuri, wanawake wakacheka, na wakati wote huo kidole chake kilikuwa ndani ya majani, kikibonyeza. Nyumbani, chini ya kitanda, hakuna kilichotikisika, maana betri ya gari alikuwa ameitoa. Lakini alijua kwamba huko kambini kila kra ilikuwa inaandikwa, na alihisi kila moja ikitoka mkononi mwake kama jiwe linalotupwa juu ya paa la mtu aliyelala.

Askari wawili walipita karibu naye, redio begani. Redio ililia. Mmoja aligeuka mzima mzima, akatazama nyuso: ya muuza unga, ya mtoto mwenye ndizi, ya Colette.

"Sombe, chef?" Colette alimuuliza. "Ya leo asubuhi."

Askari alipita.

Alirudi nyumbani akiwa na tumaini. Jumamosi ilikuwa kesho yake. Alipika vizuri. Léon aliporudi hakukaa mezani.

"Baliisikia," alisema.

"Na sasa?"

"Luteni alikuja ku maghala, alifurahi. Colette, minye naliona kwa macho: alifurahi. Anasema, sasa tunayua beko bawili. Muzee anafundisha, mwingine anapiga. Anasema, ni nani iko karibu na muzee, ni nani anamupelekea chakula kila siku?" Alivua kofia. "Bananiambia kesho batamupandisha mama Georgette mu jipu vile vile."

Chakula kilipoa kati yao. Colette alielewa kitu ambacho shule haikumfundisha: kwamba kuna watu ambao ukiwanyamazia wana haki, ukiwasemesha wana haki, na mlango pekee unaobaki ni kusimama mbele yao mwili mzima.

Hakumwambia Léon alichoamua. Alijaza betri chaji.

Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya taifa. Mtaa mzima ulitoka na majembe na koleo kufukua mfereji wa barabara ya chini, ulioziba kwa mvua. Mkuu wa kitongoji alipita akiangalia ni nani hayupo. Mawe yaliyofukuliwa, mengine yana kutu ya kijani ya shaba, yalitupwa kando yakafanya chungu iliyofika kifuani mwa mtu. Karibu na chungu ile luteni alikuwa amesimamisha jipu. Firmin alikaa nyuma, mikono imefungwa, mguu mmoja mtupu. Walimleta ili aonekane. Watu walichimba bila kuinua kichwa, na hakuna aliyeimba.

Colette alikuja amebeba beseni kichwani.

"Citoyenne," luteni alisema, "jembe yako iko wapi?"

"Nimeleta hii." Akatua beseni, akaondoa kitenge, akaweka gari chini.

Mtu alicheka. "Ni kagari!" Watoto wakakimbia mbele. Mwanamke mzee akasema, "Yesu wangu, huyu binti iko na wazimu," na Mama Georgette akaacha koleo.

Colette akafinya. Gari likaenda. Kwenye bega la kila askari redio ikalia: kra, kra-kra, na watoto wakazidi kucheka mpaka mama zao walipoanza kuwavuta nyuma, mmoja baada ya mwingine. Punde ikasikika sauti ya mota peke yake, na zile redio zikiijibu.

Luteni aliweka redio sikioni.

"Tena."

Kra.

"Kushoto."

Ile sauti nyembamba.

"Hii njo code yenu," Colette alisema. Sauti ilikuwa yake, na ilimshangaza kwamba haikutetemeka. "Kushoto na kulia. Mbele na kusimama. Quartz niliinunua ku soko, ilikuwa mu redio iliyokufa, kumbe ni wimbi yenu. Muzee haingie mu hii mambo. Wala mama. Munafunga muntu, luteni, juu ya kagari."

Watu walivuta pumzi. Luteni hakukasirika. Alichuchumaa, akagusa bawaba, akasukuma gurudumu kwa kidole, akaona jinsi sehemu ya mbele inavyojipinda na ya nyuma ikitulia. Aliangalia kwa muda mrefu, kama alivyouangalia ule waya.

"Nani alikufundisha?"

Firmin alikuwa anamtazama kutoka kiti cha nyuma cha jipu. Uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja, lakini jicho lililofunguka lilikuwa linang'aa, na Colette alijua ni nini: mzee alikuwa anaangalia gari. Alikuwa anaona fahari.

"Hakuna," Colette alisema. "Nilijifunza minye mwenyewe. Ule muzee hayui kitu. Hata fusible ya taa hawezi kubadilisha."

Firmin aliinamisha kichwa.

"Inapanda?" luteni aliuliza.

"Inapanda."

"Hii?" Akaonyesha chungu ya mawe.

"Hii."

Luteni alikwenda kwenye jipu, akarudi na kisanduku cha risasi cha bati, kimejaa. Akakilaza juu ya gari, akakifunga kwa mkanda wake mwenyewe, kwa uangalifu, akihakikisha hakielemei upande mmoja. Chuma cha kitanda kilinesa lakini hakikugusa chini.

"Kama inafika juu na hii," alisema, neno moja moja, "muzee anashuka. Kama inaanguka, ni uongo ya mutoto, na tunaenda Lubumbashi."

Sasa Colette aliona. Aliona alichokuwa anapimiwa. Huko mpakani kuna mawe mengi, kuna waya, kuna mahali ambapo askari hawapendi kutanguliza miguu yao. Na kisanduku kinaweza kubeba bomu badala ya risasi, na kitufe ni kitufe tu. Angeweza kulipindua. Ilikuwa rahisi mno: kufinya kulia kwa kukawia kidogo kwenye jiwe la kwanza, na betri na risasi vingebiringika mfereji mzima, watu wangecheka, na hakuna ambaye angelitaka tena.

Alimtazama Firmin. Mguu mtupu wa mzee ulikuwa umejikunja juu ya chuma cha moto cha jipu.

Akafinya kushoto.

Gari likaushika mteremko. Lilipanda jiwe la kwanza na la pili, likateleza, likashika. Colette alitembea kando yake, ameinama, akilitafutia mahali pa kuweka kila gurudumu. Kwenye jiwe pana la kijani alisimama, akaligeuza kidogo, akalielekeza kwenye ufa. Mota zililia kwa uzito. Hakuwahi kuliendesha vizuri namna ile. Redio zilipiga kra kwa kila pumzi yake, na askari mmoja, kwa mazoea, alikuwa ametoa karatasi anaandika.

Lilifika juu. Likasimama pale, kisanduku cha risasi mgongoni, limetulia kabisa.

Hakuna aliyepiga makofi.

"Mufungulie," luteni alisema bila kugeuka, na askari akakata kamba za Firmin. Mama Georgette alimpokea mikononi kama anayeshusha mtoto, akaanza kumvuta kuelekea nyumbani haraka, bila shukrani, bila kuangalia nyuma. Ilikuwa sawa. Firmin ndiye aliyejaribu kugeuka, na mkewe akamzuia.

Luteni alipanda chungu kwa viatu vyake visivyo na vumbi, akalichukua gari kwa mikono miwili, akalishusha, akaliweka kwenye kiti cha nyuma, palepale alipokuwa mzee. Kisha akafungua mlango wa mbele.

Kati ya watu Léon alitupa jembe na kupiga hatua. Colette alimtikisia kichwa, na kaka yake akasimama, jembe miguuni, midomo wazi.

"Hatukukamati, citoyenne," luteni alisema. Alikuwa ameuweka mkono juu ya mlango, kwa adabu. "Iko na vyuma vingine nyumbani?"

"Hapana. Nilikuwa na hii tu."

"Mota?"

"Hapana."

"Tutakupa mota," alisema. "Ingia."